Chura Alifukuliwa, Nami Nikanyamaza

Ndugu msomaji, mimi ni mkosaji. Sikusingiziwa, sikuponzwa na mtu, wala sitaki kumtwisha shetani mzigo usio wake. Nilikosa kwa mdomo wangu mwenyewe, na kosa lenyewe ni kuufunga siku ambayo ulitakiwa kufunguka.

Jina langu naliweka kapuni. Si kwamba naogopa, maana kijijini kwetu wananijua wote. Nawaonea huruma watoto wangu, wasije wakachekwa shuleni kwamba baba yao ndiye yule wa vyura.

Ndiyo, vyura! Cheka kwanza, ukimaliza tuendelee.

Miaka ile watu tulipohamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, huku upande wa Mlandizi. Wazazi wangu walikuwa wamekwisha kufa. Zamani kila mtu alikaa shambani kwake, ukitaka kumwona jirani unatembea mpaka kiu inakushika. Ghafla tukapangwa kwa mistari, nyumba na nyumba, ukipiga chafya jirani anakuombea afya. Watu hawakuzoeana. Mtoto wa huyu akiugua, macho yanakwenda kwa yule.

Nyumba ya kushoto kwangu alikaa bibi mmoja, nitamwita Bi Mwanvua. Kwao ni Chole ya Kisarawe. Aliolewa upande wetu, mume akafa, na Mungu hakumjalia mtoto. Hakuwa bibi yangu wa damu, lakini ndiye aliyenipikia. Kwa utani wa bibi na mjukuu aliniita mume wangu.

"Mume wangu, usiponiletea kuni leo unalala njaa, na talaka naidai!"

"Bibi, meno yenyewe huna, wivu wa nini?"

Basi atacheka huyo mpaka ashike kiuno.

Nyumba ya kulia alikaa Shomari na mkewe na binti yao wa miaka miwili, mtoto wao wa pekee. Shomari alikuwa mpole, hata kuku akiingia jikoni kwake anamtoa kwa maneno.

Sasa hizo habari za vyura. Shule moja ya sekondari, siitaji, ilikuwa na mwalimu wa baiolojia, mtu wa bara. Alinikuta bondeni nalima mpunga, akaniuliza kama naweza kumpatia vyura wakubwa, wanafunzi wake wawapasue wajue moyo uko wapi na ini liko wapi. Nikajua ananitania. Mtu mzima, viatu vimepigwa kiwi, anatafuta chura!

Akatoa mche wa sabuni kwenye mfuko. Nikaacha kucheka.

Wewe uliyeiona miaka ile unajua. Sabuni ilikuwa lulu. Sukari ikifika duka la kijiji, watu wanapanga mstari tangu alfajiri na wengine wanarudi na mfuko mtupu. Mwalimu yule hakunipa fedha, alinipa sabuni, mara nyingine sukari. Nikawa fundi wa vyura.

Chura ninayemsema si hawa wadogo wa kisimani. Huyu ni mkubwa wa bondeni, anajaza viganja viwili, mgongo wa kijani wenye mikunjo, kwapa za njano, na mdomoni ana vitu kama meno. Anauma, tena sana! Kiangazi chote humwoni, amelala chini ya ardhi. Mvua kubwa ya kwanza ikipiga, asubuhi yake unawasikia kwenye madimbwi wanabweka kwa mkato, kama mbwa aliyefunikwa debe.

Kumkamata kuna akili yake. Huingii katikati ya dimbwi. Unazunguka ukingoni, pale maji yanapofika kwenye kifundo cha mguu, unatafuta viluwiluwi waliosongamana, weusi ti. Ukiwaona, ujue baba yao yupo hapo hapo anawalinda. Vyura wengine wanakuruka wanakimbia, huyu hakimbii, anakujia! Mimi nilitanguliza fimbo niliyoizungushia kitambaa. Akishaing'ata haiachii, namnyanyua nayo mdomoni, namtia kapuni kwenye majani mabichi. Kumbe nilikuwa namkamata mnyonge yule kwa sababu ya ushujaa wake. Leo nikikumbuka naona haya.

Tatizo lilikuja mwalimu alipotaka vyura wa mtihani, na mtihani wenyewe ni kiangazi, hakuna dimbwi hata la kunawia uso. Nikabuni njia yangu. Mvua zilipokuwa bado zipo nikakamata kumi na wawili. Nikazika nusu ya mtungi uliovunjika nyuma ya nyumba, nikaujaza mchanga wenye unyevu, wao wenyewe wakajichimbia humo kinyumenyume. Ili nisihangaike kuwatafuta, kila mmoja nilimfunga pajani utepe wa kitambaa, ncha nikaiacha juu ya mchanga. Nikimtaka navuta.

Kitambaa kilitoka kwa Bi Mwanvua. Alikuwa na kanga kuukuu, nyekundu, yenye mapambo ya mikorosho, aliyojitanda siku tunapakiwa kwenye lori, kwa hiyo kijiji kizima kiliijua. Aliichana mwenyewe vipande vipande, akanitupia.

"Chukua mume wangu. Vyura wako wavae kanga, mimi mkeo nitembee uchi!"

Yeye peke yake kijijini ndiye aliyejua kazi yangu. Wengine sikuwaambia hata kidogo, na sababu ni posa. Nilikuwa nimeposa binti wa mwalimu wetu wa madrasa, na mzee yule alishatufundisha mara nyingi kwamba chura haliwi na hauawi. Na mimi nampelekea sukari ya vyura nyumbani kwake, anakunywa chai, ananiombea dua! Niliona siku akijua tu, posa imevunjika. Isitoshe watu wetu hawamchukulii chura hivi hivi. Akionekana amefukiwa mahali wanasema kuna mtu kamfukia, na kamfukia kwa jambo.

Siku ya kuwapeleka shuleni nikavuta tepe zangu. Wakatoka kumi na mmoja. Dume moja, kubwa kuliko wote, lilikuwa limetoroka na utepe wake pajani. Nikasema, ah, chura mmoja ndiyo nini!

Wiki kadhaa baadaye binti wa Shomari akashikwa na homa. Homa ikaingia degedege. Walimkimbiza zahanati kwa baiskeli ya balozi wetu wa nyumba kumi, na jioni ile ile wakarudi naye amefunikwa. Masikini mtoto yule! Alikuwa ameanza kunijua jina.

Tukazika, tukasoma hitma. Siku chache baada ya matanga Shomari akaona nguzo ya mlango wake imeliwa na mchwa. Akashika jembe achimbe shimo la nguzo mpya. Ilikuwa kama saa nne asubuhi, mimi nasuka kapu kibarazani kwangu, nikasikia mkewe anapiga ukelele.

Tukakimbilia huko watu wote wa mstari ule. Pale kizingitini, kina cha mkono mzima, Shomari alikuwa amefukua kitu. Jamani, mimi nilikijua kabla sijainama!

Chura yule akilala kiangazi hujitengenezea ngozi nyembamba, kavu, inamzunguka mwili mzima kama ganda la kitunguu. Macho yanafumba, hapumui kwa kuonekana. Mimi nilikuwa nimeshawafukua wengi wa namna hiyo mashambani, nilijua ni usingizi tu. Wao hawakujua. Wao waliona kiumbe kimevikwa sanda, kimezikwa mlangoni mwa nyumba iliyotoka kuzika mtoto. Na pajani kimefungwa utepe mwekundu wa mikorosho.

Mtu mmoja akakimwagia maji. Ngozi ikalainika, ikapasuka, chura akafumbua macho. Lahaula! Wanawake walikimbia mpaka wakaacha kanga njiani.

Mke wa Shomari hakukimbia. Alisimama pale pale.

"Hii kanga ya nani?" akauliza. "Nawauliza nyinyi, hii kanga ya nani?"

Wote waligeuka kutazama nyumba ya kushoto kwangu. Mimi nilikuwa nimesimama karibu kiasi cha kuliona fundo, na fundo lilikuwa langu, lile lile ninalofungia makapu. Ilitosha kusema maneno mawili: ni wangu. Sikusema.

Mchana ule tukaitwa wote kwenye banda la ofisi ya kijiji. Bi Mwanvua akaletwa mbele, akaketi chini, miguu ameinyoosha kwa sababu magoti yalikuwa yanamsumbua. Mwenyekiti akamwonyesha utepe.

"Bibi, unaitambua kanga hii?"

"Naitambua. Ni yangu."

"Nani kamfunga chura?"

Akainua uso, akanitafuta kati ya watu mpaka akaniona. Hakunitazama kwa ukali. Alinitazama kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni, pita wewe kwanza. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya baba mkwe wangu mtarajiwa, harusi imebaki wiki tatu. Nilimwona mzee kisogo, kofia yake nyeupe, tasbihi mkononi. Nikainamisha kichwa nikaanza kuchorachora chini kwa kidole.

Akaningoja. Wallahi aliningoja, maana mwenyekiti ilibidi arudie swali mara ya pili.

"Sijui," akasema Bi Mwanvua. "Ila mimi sikumfunga."

"Mchawi hakiri!" mtu akapiga kelele nyuma. Basi ikawa vurugu. Shomari, mpole yule, alimwendea bibi kikongwe akamsukuma kwa mikono miwili, bibi akaanguka kwenye mawe ya mlangoni, mkono ukateguka. Alilia kidogo tu, kama mtoto aliyekatazwa kulia. Mwenyekiti akasimama katikati akasema serikali haitambui uchawi, lakini kwa amani ya kijiji, na kwa usalama wake mwenyewe, ni vizuri bibi arudi kwao.

Asubuhi yake aliondoka. Mimi nilijifungia ndani najifanya naumwa. Nikasikia kandambili zake zinasimama nje ya mlango wangu. Nikabana pumzi.

"Mume wangu," akasema, "mboga nimeiacha mekoni kwangu, imefunikwa. Uile leo, itachacha."

Akaenda zake. Nililia mpaka nikachoka, kisha nikaenda nikaila ile mboga. Ndivyo nilivyokuwa mimi.

Harusi ikafanyika, ngoma zikapigwa, nikaoa. Nilikuwa nikimtazama mke wangu nasema moyoni, huyu nimemnunua kwa kumuuza bibi wa watu. Usingizi ukanikimbia. Mwezi wa pili wa ndoa nikashindwa, nikamdanganya mke wangu kwamba nakwenda kutafuta mbegu, nikadandia lori mpaka Mzenga, nikatembea hadi Chole.

Watu wa kijiji cha kule wakaninong'oneza kwamba habari za bibi zilimtangulia, hakupewa kiwanja kati ya watu. Anakaa mbali, kwenye mahame ya baba yake, kule walikohama wote. Nikamkuta. Kibanda cha makuti, minazi miwili mitatu iliyobaki, na yeye amekaa mlangoni anamenya muhogo kwa mkono mmoja. Ule mwingine ulikuwa umepona vibaya, umepinda.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umeshaoa?"

"Nimeoa."

"Alhamdulillahi. Mzuri?"

"Mzuri, bibi."

Akafurahi, wallahi! Akachemsha muhogo, tukala. Nilikuwa nimemchukulia sukari, na ya safari hiyo niliipanga mstari dukani kama watu wengine. Nikatafuta pa kuanzia nisipaone. Mwishowe nikauliza swali la kijinga kuliko yote.

"Bibi, kwa nini siku ile hukunitaja?"

"Nikutaje ili iweje? Mimi nimebakiza siku ngapi? Wewe ulikuwa na mke wa kuoa." Akapangusa kisu kwenye nguo yake. "Lakini nilidhani utasema, mjukuu wangu."

Mjukuu wangu! Miaka yote aliyonijua hakuwahi kuniita hivyo. Utani ulikuwa umekwisha, na aliyeukatisha ni mimi.

Hapo ndipo pa kupiga magoti. Hapo ndipo pa kusema bibi nisamehe, inuka twende nikakusafishe mbele ya watu. Unajua nilisema nini? Nikasema, "Bibi, mavuno yakipita nitakuja kukuchukua." Akaitikia, "Haya, baba." Nikaaga nikaondoka.

Mavuno yakapita. Mke wangu akashika mimba, nikasema ajifungue kwanza. Akajifungua, nikasema mtoto apate nguvu. Kila nilipotaka kusema nilimwona Shomari anapita na jembe begani nikasema kesho. Ikafika hiyo kesho. Mchuuzi mmoja wa nazi kutoka Mzenga alipumzika kibarazani kwangu, akaanza kupiga soga za kwao, katikati akasema yule bibi wa mahame, aliyefukuzwa huku kwenu, mbona alishakufa tangu masika? Wachoma mkaa ndio waliomkuta, wakamzika.

Nilisimama pale pale nikaenda msikitini, ilikuwa inakaribia adhuhuri. Watu walipomaliza kusali nikasema yote. Mtungi, mchanga, tepe, shule, sabuni, yote.

Nilidhani baba mkwe wangu ataniambia nimrudishie binti yake. Akasema hivi: "Kijana, ungeniambia habari ya vyura ningekugombeza, ningekwambia tubu, na mke ningekuoza vile vile. Hayo mengine sina la kukwambia."

Umesikia, msomaji? Angenioza vile vile! Nilichokilinda hakikuwa kinawindwa na mtu. Nilimtoa bibi wa watu kafara kwa hofu niliyojitungia kichwani mwangu.

Mke wangu hakuniacha. Lakini kitambo kirefu, nikimletea kitu chochote nyumbani, hata nyanya, aliuliza kwanza kimetoka wapi. Mke wa Shomari ndiye aliyekataa kabisa kuamini. Mpaka leo anasema nimehongwa niseme vile. Simlaumu. Ni afadhali kwake mtoto awe amerogwa na mtu anayejulikana, kuliko kuambiwa homa ilikuja tu ikamchukua bila sababu.

Na Shomari? Alinifuata nje ya msikiti. Nilitamani anipige. Alinyoosha viganja vyake mbele yangu.

"Hii ndiyo mikono iliyomsukuma," akasema. "Ungesema siku ile, ningekwisha kukusamehe kabla ya magharibi. Sasa mimi nitamwomba nani?"

Jamani, hilo ndilo linaloniua. Kumbe dhambi yangu sikuifanya peke yangu! Nilimtwika na baba aliyefiwa, mtu asiye na kosa ila uchungu.

Kesho yake tukaondoka wawili, mimi na yeye, mpaka Mzenga, mpaka Chole, mpaka mahame. Kibanda kilikuwa kimelala chini. Wachoma mkaa walishahama, hakuna ajuaye walikokwenda. Nyuma ya minazi tukakuta matuta matatu, yote yameota majani, hakuna jiwe wala kibao.

Shomari akaniuliza, "Lipi?"

Nikamjibu sijui.

Akavua viatu, akapiga magoti kwenye la kwanza, akanyoosha mikono, akaomba huku analia kwa sauti. Akainuka, akaenda la pili. Akainuka, akaenda la tatu. Nami nikamfuata nyuma, tuta kwa tuta.

Ewe unayesoma, huenda nawe kuna mtu anabeba lako. Kafukuzwa kazi kwa kosa lako, kavunjiwa ndoa kwa neno lako, kanyamaza kwa kukuhurumia, na yu hai. Lifunge gazeti hili uende. Usinijibu kwamba unangoja mavuno, unangoja harusi ipite, unangoja mtoto apate nguvu, hayo yote nimeshayangoja mimi. Mkute angali anaweza kukutukana, kukufukuza, kukutemea mate. Hayo yote ni bahati, elewa! Sisi tuliomba radhi kwenye matuta matatu, na mpaka leo hatujui hata moja la hayo lilikuwa la nani.